Mji Uliobaki Miguuni mwa Baba

Maneno niliyoyasema Masaka, Uganda, mbele ya mafundi, wanafunzi wa uashi na wazee wa mji. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Bassebo ne bannyabo, kina jjajja mliokaa hapa mbele, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mji ulioharibiwa na vita na namna unavyoweza kujengwa tena. Nitasema kwa Kiswahili, na najua kwamba hapa Masaka lugha hii haikuingia masikioni mwetu kwa upole. Wengi wa rika langu tuliisikia kwanza ikitoka kwa askari. Wale wa Amin walituamrisha nayo tulale kifudifudi. Watanzania waliokuja kuwafukuza walituambia kwa lugha hiyohiyo tuinuke, na jina tulilowapa, bakombozi, tulilichukua kutoka vinywani mwao. Kwa hiyo Kiswahili hakikusimuliwa magofu yetu. Kilikuwapo siku ile.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani mwa duka moja pale Elgin Road. Duka lenyewe lilikuwa la Mhindi mpaka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90 wafungashe na kuondoka. Likapewa mtu mwingine, bidhaa zikaisha rafuni, likafungwa. Lakini baraza haikufungwa, na baba aliendelea kuweka cherehani yake palepale kati ya nguzo mbili. Nikitoka shule nilikaa miguuni pake nikiokota vipande vya kitambaa. Juu yetu, kwenye paji la jengo, palikuwa na mwaka lilipojengwa, umefinyangwa kwa saruji kwa namba kubwa kuliko kichwa changu. Nilijifunzia namba pale. Na leo, wazee wangu, siwezi kuapa kama ulikuwa 1936 au 1938. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililonileta mbele yenu.

Habari ya vita mnaijua, sitairefusha. Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivuka mpaka likaingia Kagera, likaua raia, likaswaga ng'ombe kwa maelfu, likavunja daraja la Kyaka. Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya ng'ambo hii ya mto ni Uganda. Mwalimu Nyerere akajibu kwa maneno ambayo Watanzania wanayajua kwa moyo mpaka leo: sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, na nia ya kumpiga tunayo. Januari 1979 Mutukula, pale mpakani, ilitekwa na jeshi la Tanzania, kisha ikasawazishwa kwa tingatinga. Februari 24 wakaingia Masaka, kesho yake Mbarara. Kambi ya hapa kwetu ilikuwa ya kikosi kilichojiita Suicide, ile ya Mbarara ilikuwa ya Simba, na askari wa vikosi vyote viwili walikuwa miongoni mwa waliovamia Kagera. Hiyo ndiyo hesabu iliyolipwa hapa.

Nataka niseme kama mwashi, si kama mwanasiasa. Mizinga ilituangukia kabla mji haujatekwa, na kila mtu wa umri wangu anaukumbuka mlio wa makombora ya saba-saba. Lakini jengo lililopigwa na mzinga hubaki na kuta. Hutoboka, huungua paa, hata hivyo husimama ukaweza kulitambua. Katikati ya Masaka karibu kila kitu kilianguka, kwa sababu sehemu kubwa ya mji ilibomolewa baada ya adui kwisha kukimbia, kwa baruti, ikiwa kisasi cha Kagera. Waliokuja kutuokoa ndio waliobomoa. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na mtu akikuambia moja tu hajakuambia habari ya Masaka. Inajulikana pia kwamba Nyerere alipopata taarifa ya uharibifu huu alishtuka, akaamuru kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Amri ilikuja, lakini kwetu ilikuja baruti ikiwa imeshalipuka.

Sisi tulikuwa tumekimbilia upande wa Bukakata. Tuliporudi, mama alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Kifusi kilikuwa kimefunika njia, hujui wapi palikuwa barabara na wapi palikuwa duka. Baba alikwenda mpaka kwenye mvule mmoja uliokuwa umesalia pembeni, akauegemeza mgongo, kisha akaanza kutembea akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika 62 akasimama. Akageuka kushoto, akapiga hatua tisa nyingine juu ya mawe, akainama na kuanza kuondoa matofali kwa mikono. Alikuwa anaitafuta cherehani aliyoifungia ndani. Alichokipata ni gurudumu lake la chuma, limepinda, na karibu nalo kipande cha saruji kikubwa kama sinia, chenye 1, na 9, na 3. Namba ya mwisho ilikuwa imevunjika. Mama alikibeba kichwani mpaka nyumbani, na kwa miaka mingi kikawa jiwe letu la kufulia. Jiko letu pia lilijengwa kwa matofali ya Elgin Road. Nani hapa ambaye kwao hawakuokota?

Baba alikuwa na ramani ya mtaa mzima, lakini alikuwa nayo miguuni. Alifariki 1994, akaondoka nayo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa kupitia njia ya hapahapa Uganda. Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya kuezeka upande wa Masindi, nikafika Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo. Pale pana kanisa la Kikatoliki na pembeni yake makaburi yenye majina ambayo ulimi wangu ulishindwa kuyatamka. Nikaambiwa ni Wapolandi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kuanzia 1942, Uganda ilipokea wakimbizi wa Kipolandi wapatao 7,000, wengi wao wanawake na watoto, wakawekwa Nyabyeya na Koja kule Mukono ufukweni mwa ziwa. Walikuwa wamefukuzwa makwao na dola ya Kisovieti, wakapelekwa Siberia, wakazunguka kupitia Iran mpaka wakatufikia. Kanisa walilijenga wenyewe. Nilikaa kwenye kivuli chake nikala muhogo wangu, nikawaza, hawa walikuwa wameacha nini nyuma? Swali hilo lilinifanya nianze kutafuta vitabu, na vitabu vikanifikisha kwenye mji wao mkuu, Warszawa.

Ndugu zangu, mimi sijaona mahali palipobomolewa kwa makusudi kama pale. Kabla ya vita Warszawa ilikuwa na watu wapatao milioni 1.3. Septemba 1939 Wajerumani waliipiga kwa ndege na mizinga, na jumba la kifalme likaungua. Mwaka 1943 waliufuta mtaa walimokuwa wamefungiwa Wayahudi. Agosti 1, 1944 wananchi waliinuka kwa silaha, wakapigana siku 63, wakashindwa, na raia zaidi ya laki moja na nusu wakafa. Kisha, mji ukiwa umekwisha kutekwa na watu wakiwa wamekwisha kutolewa, vikosi maalumu vya Wajerumani vilipita nyumba kwa nyumba vikichoma na kulipua. Mapigano yalikuwa yamekwisha. Walichokitaka ni kwamba Poland isiwe na mji wa kurudia. Januari 1945 mji ulipokombolewa, takriban asilimia 85 ya majengo yalikuwa kifusi, na mji mkongwe, ule wa katikati, ulikuwa umekwisha kabisa. Palikuwa na watu wazima, wenye akili zao, waliosema makao makuu yahamishiwe mji wa Łódź na kifusi kiachwe kilivyo.

Leo ukienda utaukuta mji mkongwe umesimama. Uwanja wake wa soko ulifunguliwa tena Julai 1953. Mwaka 1980 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia, ijapokuwa kila fundi anajua kuta zile zina umri mdogo kuliko baba yangu. Uliandikwa kwa ajili ya kazi ya kuurudisha.

Waliwezaje? Watu husema fedha. Fedha hawakuwa nazo, nchi ilikuwa imekamuliwa. Wengine husema serikali. Ni kweli, mwaka huohuo wa 1945 iliundwa ofisi ya kuujenga upya mji mkuu, na kitengo cha majengo ya kale kikapewa msanifu Jan Zachwatowicz. Lakini ofisi isiyo na michoro ingejenga nini? Sikilizeni hapa vijana, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi yenu. Kabla ya vita, wanafunzi wa usanifu wa chuo cha ufundi cha Warszawa walikuwa wakitumwa mitaani na profesa wao, Oskar Sosnowski, kupima majengo ya zamani. Vijana kama ninyi, na kamba na penseli. Walipima madirisha, ngazi, dari, mapambo ya milango, wakachora karatasi kwa karatasi. Bila shaka wako waliolalamika kwamba ni kazi ya kuchosha isiyo na faida. Mji ulipozingirwa 1939, Sosnowski alijeruhiwa pale kitivoni akihangaika kuokoa michoro hiyo, na akafa kwa majeraha. Vita vilipoendelea, wenzake waliichukua, na mwisho wake ikatoroshwa nje ya mji unaoungua, ikafichwa katika mji wa Piotrków ndani ya nyumba ya watawa, mahali pa kuzikia wafu. Watu walikuwa wakifa kwa kukosa mkate, na wengine walikuwa wakibeba karatasi zenye vipimo vya madirisha.

Na si wao peke yao. Jumba la kifalme lilikuwa limetobolewa mashimo ya baruti tangu 1939, likisubiri amri. Miaka ile yote watu wa makumbusho ya taifa, chini ya Stanisław Lorentz, walikuwa wakiiba, na neno kuiba nalitumia kwa heshima, vipande vya mapambo ya ukutani, vya milango, vya mawe ya dohani, wakivificha. Septemba 1944 jumba lililipuliwa. Kulijenga upya kuliamuliwa 1971 tu, likakamilika 1984 kwa michango ya watu, na vile vipande vilivyoibwa vilirudishwa mahali pake ukutani. Ukiliangalia leo, kipande cha kale na kipande kipya viko katika ukuta mmoja.

Walikuwa pia na picha za Bernardo Bellotto, mchoraji wa Kiitalia aliyeuchora mji huo miaka ya 1770. Zilisaidia sana. Lakini mchoraji hupamba, na mahali pengine mji ulijengwa kama alivyoupenda yeye kuliko ulivyokuwa. Mchoro wa mwanafunzi mwenye kamba hauna uzuri huo, ila unasema kweli. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachukua wa mwanafunzi.

Sitaki mdhani kila walichofanya kilikuwa chema. Matofali yalipopungua, mengine yalibomolewa kwenye miji iliyokuwa ya Wajerumani, kama Wrocław, mji mmoja ukavuliwa nguo ili mwingine uvikwe. Na Oktoba 1945 ilitolewa amri iliyochukua ardhi yote ya Warszawa kutoka kwa wenyewe ikaipa mji. Amri hiyo ndiyo iliyorahisisha ujenzi, maana hakuna aliyepaswa kuombwa ruhusa. Lakini warithi wa zile nyumba wameendelea kudai mahakamani mpaka karne hii. Nyumba unaweza kuisimamisha kwa miaka minane na dhuluma yake ikadumu sabini.

Hapo narudi Masaka, kwa sababu jambo la umiliki tunalijua kwa uchungu wetu. Mwaka 1979 maduka ya katikati ya mji yalikuwa ya nani? Waliojenga walikuwa wamefukuzwa. Waliopewa walikuwa wamekimbia na Amin, au walikuwa wakiogopa kujitokeza. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa 1982, lakini mtu aliyeko ng'ambo arudi kudai nini, lundo la matofali? Kiwanja kisicho na mwenyewe hakijengwi, na kikijengwa hujengwa kibanda. Kabla hatujapumua, 1985 vita vingine vikaja, kambi yetu ikazingirwa kwa miezi. Na katika miaka ileile siliimu, yaani UKIMWI, ilianza kutuzika, hapa na Rakai kabla ya mahali pengine nchini, ikachukua watu wa miaka thelathini na arobaini, hasa wale ambao wangekuwa na nguvu ya kujenga. Biashara ikavuka bonde ikahamia Nyendo. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita alikua akiamini kwamba magofu ni sehemu ya mji, kama vile kilima kilivyo sehemu ya mji. Tuliyaita amatongo, tukafunga mbuzi ndani.

Yote hayo ni sababu za kweli na siwezi kumlaumu mtu. Lakini iko moja ambayo haikuhitaji fedha wala sheria. Hakuna aliyeupima mji wetu. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja kuuliza kama kuna mchoro wowote wa Elgin Road au Edward Avenue kabla ya vita. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu, akatafuta, akaniletea faili lenye risiti za maji. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikasimama juani nikifikiria hatua 62.

Kasubi, kule Kampala kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, wametuonyesha kwamba mchoro si lazima uwe karatasi. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya pale, iliungua usiku wa Machi 16, 2010, na nchi nzima ililia. Lakini namna ya kuezeka paa lile ilikuwa mikononi mwa watu wa ukoo wa Ngeye, wazee wakawafundisha vijana, nyasi zikapanda, na 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi kwenye orodha ya hatari. Pale mikono ilikumbuka. Maduka yetu ya Elgin Road hayakuwa na ukoo wa kuyakumbuka. Walioyajenga walikuwa wageni kwetu, tuliyatumia tu, na hatukuyahesabu kuwa yetu mpaka yalipokwisha.

Na bado yanakwisha. Masaka ni jiji tangu Julai 2020, na mimi nafurahi, maana nataka kuona maghorofa. Lakini majengo machache ya zamani yaliyonusurika baruti sasa yanaanguka kwa nyundo, tena usiku, ili asubuhi pasiwe na mjadala. Nililiona moja likishushwa. Lilikuwa na nguzo za baraza kama zile za baba. Nilimwomba mwenye kazi anipe saa moja nipime. Akaniambia, mzee, unapima kitu kinachokufa? Nikamwambia ndiyo, ndicho kinachopimwa. Alinipa nusu saa, na namshukuru kwa hiyo nusu saa mpaka leo.

Vijana, niwaonyeshe ninavyopima, halafu nikae chini. Anza nje. Usianze na urefu wa ukuta, anza na pembe mbili zinazokabiliana, piga kamba mshazari, kisha mshazari wa pili. Ikitofautiana, chumba si mraba, na nyumba nyingi za zamani si mraba. Usizinyooshe kwenye karatasi, ziache zilivyopinda. Pima upana wa mlango mahali patatu: juu, katikati, chini. Pima tofali moja, urefu, upana na kimo, maana tofali la zamani halilingani na la leo na ukuta wako mpya hautaoana na ule wa kale. Kwaruza kidogo kati ya matofali kwa ncha ya mwiko. Kikimomonyoka cheupe na laini, ni chokaa, na anayeziba ukuta wa namna hiyo kwa saruji ngumu anaupasua, kwa sababu ukuta unataka kupumua na saruji inaunyima. Andika mahali mabati yanapoishia na maji yanapoangukia. Hesabu nguzo za baraza na nafasi kati yake. Kisha muulize aliyekaa hapo alikuwa akifanya nini, kwa sababu nafasi ile kati ya nguzo mbili kwa baba yangu ilikuwa futi sita, na futi sita zilitosha cherehani moja, kiti cha mteja na mtoto mmoja chini ya meza.

Nimezungumza na wenye majengo matano ya zamani ambayo bado yamesimama katikati ya jiji. Wanne wamekubali tuingie. Wa tano bado tunambembeleza, na akina mama wa soko wamesema hilo niwaachie wao. Hatuwazuii kujenga, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akiwaambia wenye mali kwamba tumekuja kuwafungia viwanja. Tunaomba vipimo tu, na nakala mbili: moja ibaki na mwenye nyumba, moja ikae maktaba ambapo mtoto yeyote anaweza kuiomba.

Kesho saa mbili asubuhi tukutane Edward Avenue. Mvule wa baba ulikatwa zamani, kwa hiyo tutakutana penye kituo cha bodaboda. Kila mmoja aje na penseli mbili na daftari lenye miraba, futi za kupimia ninazo saba. Kina jjajja wameahidi kuja na viti vyao wakae barazani, watuambie nani aliuza nini katika mlango upi, na kila kundi liwe na mmoja wa kuandika wanayoyasema. Tutaanza na nyumba ya kwanza mkono wa kushoto, ile ambayo mwaka wake juu ya paji bado unasomeka wote.